Kikohozi Juu ya Kyamavia

Kaluki Mbuvi alikuwa fundi wa mabegi Laini Saba, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka reli: cherehani moja ya kukanyaga, gunia la vipande vya turubai, na zipu za kila rangi zikining'inia kwenye msumari. Mkanda wa begi la shule ukikatika, au mfuko wa fundi bomba ukipasuka, watu walikuambia uende kwa Kaluki. Mumewe Muia alikuwa mwashi. Walikuwa na binti mmoja tu, Kanini, ambaye alikuwa ameolewa Kitui.

Lakini kila Desemba Kaluki alikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi. Alizaliwa chini ya mlima Kyamavia, ng'ambo ya mji wa Machakos. Mlima huo si wa kutisha. Njia yake imekanyagwa na watu wengi mpaka imekuwa pana, inapita kwenye vichaka vya miiba, halafu kwenye miti michache, halafu ghafla miti inaisha na unabaki na mwamba mtupu, wa kijivu, mkubwa kama uwanja wa mpira. Wanafunzi huupanda, makanisa huupanda, hata akina mama wenye watoto mgongoni. Mishale ya rangi nyeupe imechorwa kwenye mawe ili mtu asipotee. Kwa miaka kumi na moja Kaluki alikuwa akiwapeleka watu wa kanisa lake huko, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: mtu wa polepole zaidi ndiye anayetangulia.

Mwaka wa 2007 watu kumi na wanane walijiandikisha. Kura za kumchagua rais zilipigwa Alhamisi, na wao walikuwa wamepanga kupanda Jumamosi. Wengine waliona afadhali waahirishe. "Matokeo bado," walisema. Kaluki akawajibu kwamba kufikia Jumamosi kila kitu kitakuwa kimeisha, na hata kama bado, kura zitahesabiwa wao wakiwa mlimani au wakiwa nyumbani. Maneno hayo aliyajutia baadaye.

Muia hakwenda. Mwezi wa Oktoba alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika mguu, na bado alikuwa na plasta mpaka juu ya goti.

Walifika kileleni saa sita mchana, wakaimba, wakala mayai na mkate, wakapiga picha. Matata yalikuja wakati wa kushuka. Mahali pale mwamba unapokutana na changarawe, Nasipwondi aliteleza. Nasipwondi alikuwa Mbukusu, mmoja wa Waluhya, muuza chapati wa Kabiro kule Kawangware, na alikuwa rafiki wa Kaluki tangu enzi zile walipokuwa wakiishi ploti moja Laini Saba. Kifundo cha mguu wake kilivimba papo hapo kikawa kama embe. Ikabidi wamshushe polepole, na walipofika chini dereva wa matatu alikuwa amekwisha kuwasha gari.

"Mimi siwezi ngoja," alisema. "Redio inasema mambo mbaya. Nataka kufika Nairobi kabla giza."

Wengine wakaingia. Kaluki akabaki na rafiki yake nyumbani kwa kaka yake Ndeti, hapo hapo chini ya mlima. Chege naye akabaki. Huyu alikuwa Mkikuyu, fundi wa redio Laini Saba, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, na ndiye aliyekuwa amembeba Nasipwondi mgongoni kwa nusu ya njia. "Tutarudi pamoja kesho," alisema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jioni, redio ya Ndeti ikatangaza mshindi, Mkikuyu ambaye wapinzani, Waluhya wengi wakiwamo, walidai ameiba kura, na kabla hawajamaliza kula ikatangaza kwamba ameshaapishwa. Nasipwondi aliweka sahani yake chini. Chege akaangalia mikono yake. Kaluki aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika miaka yote aliyowajua: kila mmoja alikuwa anapima uso wa mwenzake.

Jumatatu hapakuwa na matatu hata moja barabarani.

Kwa Ndeti hapakuwa na mtandao wa simu, kwa sababu nyumba iko bondeni. Mtandao ulipatikana juu ya mwamba. Kwa hivyo Kaluki na Chege waliupanda tena ule mlima, safari hii bila nyimbo wala mayai, na Kaluki alichukua simu ya Nasipwondi pia ili ampigie Vincent, kakake, aliyekuwa Kabiro. Njiani hawakukutana na mtu. Kila mwaka njia ile hujaa watu wakati wa sikukuu. Sasa palikuwa na mijusi tu, wenye vichwa vyekundu, wakitikisa shingo juu ya mawe.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Upande wa magharibi, mbali kabisa, pale ambapo siku nzuri mtu huona majengo ya Nairobi kama meno madogo, walikuta ukungu wa rangi ya majivu. Haukuwa ukungu. Wote wawili walijua ni moshi, na hakuna aliyelitamka neno hilo.

Muia alipokea simu mara moja. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Uko sawa?" Kaluki akauliza.

"Niko sawa. Wewe kaa huko huko. Usikuje."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Na hapo, nyuma ya sauti yake, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke. Simu ikakatika.

Kaluki alisimama na simu sikioni kwa muda mrefu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na Muia hakuwahi kumpa sababu ya kumshuku. Lakini mtu akiwa mbali na nyumbani, na hawezi kurudi, akili humpeleka inakotaka yenyewe. Alijiambia: mguu umevunjika, mimi niko mbali, na nyumbani kwangu kuna mwanamke.

Chege naye alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, akimpigia mamake. Alikuwa akiishi naye, bibi kizee ambaye Laini Saba nzima, Mkikuyu na asiye Mkikuyu, ilimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Chege alipiga, akangoja, akapiga tena. Mwishowe akaweka simu kwenye mwamba na kuifunika kwa kofia yake, kana kwamba anaikinga na jua.

Mwaka mpya uliwakuta hivyo. Jumanne asubuhi walipanda tena. Kaluki hakuwa amelala vizuri. Salio lake lilikuwa karibu kuisha na maduka ya pale chini yalikuwa yamemaliza kadi za simu, kwa hivyo alijua hana muda wa kuzunguka.

"Muia, huyo mwanamke ni nani?"

Muia akasema polepole, akitenganisha maneno: "Mama Kanini, nisikize. Hii nyumba ni ya mabati. Jirani akikohoa, mimi nasikia. Na mimi nikikohoa, yeye anasikia. Unanielewa?"

Kabla hajajibu, kile kikohozi kikaja tena, mara tatu kwa kasi, kimezibwa na kitambaa. Na baada yake, sauti nyembamba, ya kuchoka: "Mwathani."

Kaluki aliketi chini. Alikuwa ameisikia sauti ile kila Jumapili, kutoka benchi la tatu, bibi kizee akimwita Bwana kwa Kikuyu kila kifua kikimsumbua.

"Nimekuelewa," akasema.

"Usiambie mtu. Hata hao uko nao. Hapa vijana wanapita mlango kwa mlango. Wanauliza nani ameficha nani."

Alipokata simu, Chege alikuwa anamtazama. Kaluki alifikiria kutii maneno ya mumewe. Lakini Chege alikuwa na macho mekundu ya siku tatu, na mtoto wa mtu hawezi kuachwa aomboleze mama aliye hai. Akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Mamako yuko kwangu. Muia amemficha. Usipige simu, usiulize kitu, usiseme kwa mtu."

Chege alilia kwa sauti, na kwa kuwa palikuwa mlimani na hapakuwa na mtu, Kaluki alimwacha alie.

Walipokuwa wakishuka alimwambia jambo la pili. "Hata Nasipwondi asijue."

Chege akageuka. "Nasipwondi?"

"Ana ndugu Kabiro. Ndugu ana marafiki. Neno moja tu likitoka."

"Sawa," Chege akasema, lakini alilisema akiangalia pembeni.

Chini, Nasipwondi alikuwa amekaa uani na mguu wake ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Mmepata nini?" akauliza.

"Netiwaki ilikuwa mbaya," Kaluki akajibu.

Ulikuwa uongo mdogo, na ndio uliofanya nyumba ile iwe kama seli. Tangu hapo Kaluki na Chege walinyamaza kila Nasipwondi alipoingia. Yeye aliona. Mtu ambaye hawezi kutembea huona kila kitu. Ndeti naye alikuwa amefunga geti na kusema hakuna mtu wa kutoka mpaka barabara itulie, kwa sababu kule mbele magari yalikuwa yanapigwa mawe. Mahali pekee pa kwenda palikuwa juu, na juu kulikuwa na mwamba, upepo na moshi. Kaluki alianza kuuchukia mlima wake. Alijua kila mshale mweupe, kila jiwe la kupumzikia, na kila asubuhi aliupanda kama mtu anayezunguka ndani ya chumba kimoja.

Jumatano Vincent alipatikana. Vijana wa Kikuyu walikuwa wamemfukuza chumbani kwake Kabiro, wakampiga, na sasa alikuwa analala uani kwa kanisa moja pamoja na majirani. Habari hiyo haikuweza kufichwa. Kaluki alimpa Nasipwondi jioni ile, wote watatu wakiwa jikoni.

Nasipwondi hakulia. Alimwangalia Chege na kusema, "Watu wako."

"Mimi sikuwa huko," Chege akasema.

"Nimesema watu wako."

Chege akatoka nje. Kaluki akajiambia kwamba alifanya vyema kunyamaza. Lakini moyoni alijua pia kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemshika mkono siku alipomzika mamake, na kwamba sasa yeye, Kaluki, anamtazama kama anavyotazama mlango usiofungika.

Alhamisi simu ya Muia ilikuwa imezimwa. Kaluki alikaa mwambani tangu asubuhi mpaka jua lilipoelekea kuzama. Ijumaa hali ilikuwa ile ile. Alipiga mpaka akakariri maneno ya yule mwanamke wa mashine anayesema mteja hapatikani. Aliona picha za kila aina: mlango umevunjwa, plasta ya Muia, bibi kizee ameburutwa kwa kanga. Chege alikuwa amelala chali juu ya jiwe akiangalia mawingu. Waliposhuka jioni, Chege hakuingia ndani. Alimwendea Nasipwondi pale uani, akasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mamangu amefichwa kwa Muia," akasema. "Sasa simu imezimwa. Siwezi tena kukaa na hii kitu."

Nasipwondi alimtazama, halafu akamtazama Kaluki. "Mmejua lini?"

"Jumanne," Kaluki akasema.

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

"Ulidhani nitawauza."

Nasipwondi akasimama. Alijaribu mguu wake, akakunja uso, akaujaribu tena. "Chege hawezi kuingia Laini Saba," alisema, kama mtu anayepanga biashara. "Wewe Kaluki utaulizwa maswali na utatetemeka, nakujua. Mimi nitaingia. Ambieni Ndeti atafute gari."

Gari lilikuwa lori la nyanya, Jumamosi alfajiri, dereva akiwa na haraka kuliko hofu. Walipofika mjini, Chege aliteremka na kuelekea uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako watu waliofukuzwa walikuwa wamepiga kambi. Wanawake wawili wakaingia Laini Saba kwa miguu, Nasipwondi akichechemea, Kaluki akimshika kiwiko. Vibanda vilikuwa vimeungua. Hewa ilinuka mpira.

Karibu na reli vijana walikuwa wameweka mawe na tairi. Mmoja, mwenye fulana ya bluu, akainua mkono.

"Mathe, mnaenda wapi? Toa kitambulisho."

Nasipwondi akatoa chake. Kijana akasoma jina, akakirudisha. "Na huyu?"

"Huyu ni wifi yangu. Bwanake amevunjika mguu, hatujamwona wiki nzima. Kwani hata mgonjwa hajuliwi hali siku hizi?"

Alisema kwa ukali wa mama, wala hakungoja ruhusa. Wakapita.

Mlango wa Kaluki ulikuwa umefungwa, na cherehani, ambayo Muia alikuwa ameivuta kutoka kibandani kwa mguu mmoja, imeegemezwa nyuma yake. "Ni mimi," Kaluki akanong'ona. Ilichukua muda. Muia alipofungua, ndevu zilikuwa zimeota nyeupe na macho yameingia ndani. Stima ilikuwa imekatwa tangu Jumatano, ndiyo maana simu ikafa. Walikuwa wanakula unga uliokorogwa kwa maji, na maji yenyewe yalikuwa yamebaki ya kikombe kimoja. Nyuma ya pazia, chini ya kitanda, bibi kizee alikuwa amelala juu ya gunia la turubai, mdomo umefungwa leso.

"Nilimkuta nje ya mlango Jumapili, mara tu baada ya tangazo," Muia akasema. "Ningefanya nini?"

Kaluki alikuwa bado anamshika uso mumewe waliposikia mtu akigonga. Wote wakaganda. Bibi kizee akakohoa.

"Fungua, Muia," sauti ikasema. "Ni Shiundu."

Shiundu alikuwa jirani wa ukuta wa pili, Mluhya wa Kakamega, mvuta mkokoteni. Huyo ndiye Muia alikuwa amemwogopa wiki nzima. Aliingia akiwa ameinama, akatazama pazia, akatazama watu.

"Nimekuwa nikimsikia tangu Jumatatu," akasema. "Ukuta ni bati tu. Kila akikohoa, mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio. Betri zimeisha jana. Lazima mumtoe leo."

Nasipwondi ndiye aliyepata njia. Mkokoteni wa Shiundu uliletwa mlangoni mchana kweupe. Wakamlaza Muia na plasta yake ikionekana, na kando yake bibi kizee, amefunikwa kanga mbili mpaka machoni. Shiundu alivuta, wanawake wakasukuma. Kaluki alihesabu hatua kama anavyofanya mlimani na watu waliochoka, lakini safari hii aliyekuwa akimhimiza ni yeye mwenyewe.

Kijana wa fulana ya bluu akawasimamisha. "Na huyu wa kufunikwa ni nani? Fungua tuone."

"Mama mkwe wa huyu wifi," Nasipwondi akasema. "Fungua wewe mwenyewe. Ana TB. Amekuwa akitema damu."

Na yule bibi, ambaye kwa siku sita alikuwa amekimeza kikohozi chake mpaka mbavu zikamuuma, akakiachia. Alikohoa kama kwamba kifua kinapasuka. Vijana wakarudi nyuma, mmoja akavuta fulana yake juu ya pua.

"Pitisha, pitisha! Peleka hospitali!"

Wakapita. Hawakugeuka nyuma mpaka walipoingia barabara kubwa, na hapo Shiundu akaegemeza mkokoteni kando, akaketi ukingoni.

Chege alimpokea mamake kwenye lango la uwanja wa maonyesho. Alimbeba mpaka hemani. Baada ya wiki chache ndugu zao wa Limuru walikuja kumchukua. Chege mwenyewe alikaa kambini miezi kadhaa, kwa sababu duka lake la redio lilikuwa majivu.

Kaluki na Muia hawakuweza kurudi. Habari za mkokoteni zilijulikana, na mtu akaandika kwenye mlango wao neno moja ambalo Shiundu alilifuta kwa matope kabla ya kuwatumia ujumbe wasije. Cherehani aliwaletea yeye mpaka uwanja wa maonyesho, usafiri wake wa mwisho kabla hajaenda kwao Kakamega. Walikaa Machakos kwa Ndeti mpaka Machi. Kaluki hakuupanda mlima hata mara moja. Watu walimwona akipita chini yake akienda kisimani, kichwa kimeelekea upande mwingine.

Mwishoni mwa Februari viongozi walitia sahihi makubaliano, na siku chache baadaye ujumbe ukaja kwenye simu ya Muia. Nasipwondi alikuwa amewapatia chumba Kabiro, ploti iliyo karibu na kanisa ambako Vincent alikuwa amelala. Hakuongeza neno. Walipohamia aliwaonyesha bomba la maji na choo, akawapa ufunguo, akaenda zake.

Kwa majuma matatu ilikuwa hivyo. Asubuhi alipita na beseni lake la chapati, akasema, "Niaje," akaendelea. Kaluki akimkaribisha ndani, alikuwa na unga wa kukanda. Muia alisema muda utafanya kazi yake. Kaluki hakuamini. Alijua kwamba kuna jambo linalongoja kusemwa, na kwamba si Nasipwondi wa kulisema.

Siku moja ya Jumapili, baada ya ibada, alimfuata mpaka mlangoni pake.

"Sikudhani utatuuza," Kaluki akasema. "Nilijidanganya kwamba ni hivyo, ili nisiseme ukweli. Nilikuogopa. Kwa sababu ya kabila yako. Wewe, Nasipwondi, ambaye ulizika mamangu na mimi."

Nasipwondi alikuwa akifungua kufuli. Mkono wake ukasimama.

"Na mimi nilimwangalia Chege nikatamani apigwe kama Vincent," akasema. "Alinibeba mgongoni, Kaluki. Siku nne baadaye nikatamani apigwe."

Walisimama pale, watoto wa ploti wakiwapita na ndoo za maji. Halafu Nasipwondi akasukuma mlango kwa goti, akaingia, akautoa mto wa kiti na kuukung'uta.

"Ingia," akasema. "Sina maziwa. Utakunywa ya rangi?"